Kuzama ni Rahisi, Kuibuka Ndiko Kazi

Na Mwandishi Wetu, Ndera, Kigali

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwamba ashukaye majini huibuka, maana walijua kuwa jambo hilo halina ahadi. Jiwe huzama, jembe huzama, na mtu asiyejua kuogelea huzama pia. Kuzama hakuhitaji fundi. Ufundi uko katika kurudi juu. Makala hii inawahusu watu ambao, kwa kujiburudisha tu, wameamua kuujifunza ufundi huo kwa mikono yao wenyewe: wajenzi wa nyambizi ndogo zinazoongozwa kwa redio. Kadhalika nitaeleza jinsi baba na mama wanavyoweza kuwaonyesha watoto wao siri ya kazi hiyo kwa chupa tupu na beseni la maji, na mwisho nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili lisimpate mwingine.

Nyambizi, ndugu msomaji, ni chombo kiwezacho kwenda juu ya maji na chini ya maji. Zile kubwa ni mali ya majeshi ya majini ya mataifa, na mabaharia huishi ndani yake kwa wiki nyingi bila ya kuliona jua. Hizi ndogo hazichukui mtu. Aghalabu urefu wake ni kati ya nusu mita na mita moja na nusu. Mwenye chombo husimama ukingoni akiwa na kisanduku cha redio mikononi, naye hukiamuru kwenda, kugeuka, kuzama na kuibuka. Huko Marekani wapenzi wa kazi hii wana chama chao kiitwacho SubCommittee, na Uingereza wanacho kingine kiitwacho Association of Model Submariners. Hukutana kwenye mabwawa, wakaonyeshana vyombo vyao na kupeana maarifa. Baadhi yao ni mabaharia wastaafu, na wengine ni walimu, makarani na mafundi ambao hawajapata kukanyaga sitaha ya nyambizi ya kweli.

Hapa Ndera, ambapo bahari iko mbali kwa zaidi ya kilometa 1,000, huenda mtu akauliza: sisi watu wa vilimani tuna shughuli gani na nyambizi? Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni matatu. Kwanza, maji tunayo. Wilaya yetu ya Gasabo inapakana na Ziwa Muhazi, na magharibi ya nchi liko Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 485. Pili, watoto wetu wana mikono mizuri. Mtoto awezaye kukunja waya akapata gari lenye magurudumu yanayogeuka, au kusokota majani makavu ya migomba akapata mpira, hashindwi kuunda chombo cha majini. Tatu, na hili ndilo kubwa, kazi hii hufunza tabia ambayo askari, polisi na kila mwenye nyumba anaihitaji: kufikiri njia ya kurudi kabla ya kuanza safari.

NYAMBIZI NA BABU ZETU

Nyambizi si jambo geni kabisa katika historia ya askari wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Februari mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo wauguzi wanawake, mabaharia, na askari wengi wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Meli ilizama katika dakika zisizofika tatu. Roho za watu wapatao 1,300 zilipotea. Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, ziliisaka nyambizi hiyo siku ile ile na kuizamisha, nao walioipanda wakaangamia karibu wote.

Nalikumbusha jambo hili kwa sababu hatuna budi kujua asili ya kitu tunachokichezea. Nyambizi ilikua kama silaha, na watu wetu walikufa kwa silaha hiyo. Anayeunda mfano wake mdogo hapaswi kuuona kuwa kitu cha upuuzi. Lakini pia si lazima kila kitu kilichozaliwa vitani kibaki vitani. Yale yale maarifa yaliyotumika kuua ndiyo leo yanayotumika kuchunguza samaki, kukagua madaraja, na kumfundisha mtoto hesabu.

Wazo la kuongoza chombo kidogo cha majini kwa redio lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, aliweka tangi la maji na kuendesha ndani yake mashua ya chuma yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, bila ya waya wala kamba. Hati ya uvumbuzi wake ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huo. Wakati huo redio yenyewe ilikuwa ngeni hata watazamaji wengine walidhani wanaona uchawi. Vyombo vyote tunavyoviongoza leo kwa mbali, kuanzia gari la mtoto hadi ndege zisizo na rubani zilizoanza kupeleka damu katika hospitali za Rwanda mwaka 2016, ni wajukuu wa mashua ile.

JINSI INAVYOZAMA

Mwanachuoni Archimedes wa Sirakusa, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alifundisha kwamba kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa na kitu hicho. Nguvu hiyo katika vitabu vya shule huitwa kanieleo. Nyambizi yote, kubwa kwa ndogo, imejengwa juu ya kanuni hii moja.

Tuchukue mfano. Tuseme nyambizi yako, ikizamishwa nzima, inaondoa lita 5 za maji. Lita 5 za maji zina uzito wa kilo 5. Ikiwa chombo chako kina uzito wa kilo 4 na gramu 700, kitaelea, na sehemu ya mgongo wake itaonekana juu. Ukiingiza gramu 300 za maji katika tangi lililomo ndani, uzito unakuwa kilo 5 kamili, nacho hakipandi wala hakishuki. Kimetulia kama samaki aliyelala. Sasa ongeza gramu 10, yaani vijiko viwili tu vya chai vya maji. Chombo kitaanza kushuka polepole, na ukikiacha hakitasimama njiani; kitashuka mpaka kifike chini. Hapo ndipo mwanafunzi wa kazi hii anapostuka mara ya kwanza. Kati ya kuelea na kupotea hakuna gunia la mawe. Kuna vijiko viwili vya maji.

Mabaharia wa pwani huita farumi ule uzito wa mawe au mchanga unaotiwa chini ya jahazi ili lisiyumbe. Tangi la maji la nyambizi ndilo farumi yake, ila farumi hii huingia na kutoka kwa amri. Wajenzi wa nyambizi ndogo hutumia njia kadhaa. Wako wanaotumia bomba kubwa mfano wa bomba la sindano: mota huivuta pistoni nyuma, maji yakaingia, ikaisukuma mbele, maji yakatoka. Wako wanaotumia pampu ndogo kujaza mfuko wa mpira na kuumwaga. Na wako wanaoyafukuza maji kwa gesi iliyoshindiliwa katika kichupa.

Iko pia aina nyepesi isiyokuwa na tangi lolote. Hii huelea daima, lakini kwa shida, ikiwa imebakiza mgongo tu juu ya maji. Ikitiwa mwendo na mapezi yake ya mbele yakainamishwa, mwendo wenyewe huisukuma chini, kama bata apigavyo mbizi kwa nguvu ya miguu. Mota ikizimwa, chombo huibuka chenyewe. Walimu wa kazi hii humshauri anayeanza aanzie hapo, nao wana haki.

Baada ya farumi inakuja kazi ya kuzuia maji. Betri, mota na redio huwekwa ndani ya bomba gumu lililofungwa kwa vifuniko vyenye pete za mpira zilizopakwa grisi. Mahali pagumu kuliko pote ni pale mhimili wa rafadha unapotoka nje, maana hapo kitu kinazunguka na maji yanatafuta njia. Wala maji hayatafuti njia kwa upole. Katika kina cha mita moja tu, kifuniko chenye upana wa sentimita 10 kwa 10 hukandamizwa na nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 10. Katika mita mbili ni kilo 20. Ndiyo maana wajenzi wengi hawapeleki vyombo vyao chini sana. Mita moja au mbili zinawatosha, na hapo bado wanaweza kuviona.

Mwisho ni kusawazisha. Vipande vya risasi, kama vile wavuvi wanavyofunga kwenye nyavu, hubandikwa chini. Vipande vya lile povu gumu jeupe la kufungashia televisheni hubandikwa juu. Uzito ukae chini na wepesi ukae juu, la sivyo chombo kitabiringika. Tena omo na tezi viwe sawa, maana nyambizi iliyozidiwa na uzito wa mbele huinamisha kichwa, na ikienda mbele huenda chini. Kazi hii ya kuongeza na kupunguza gramu moja moja yaweza kuchukua jioni nzima. Asiye na subira atafute mchezo mwingine.

REDIO CHINI YA MAJI

Hapa pana jambo ambalo litawapendeza wakazi wa maziwa. Redio nyingi za kisasa za kuongozea vyombo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Mawimbi hayo ni mazuri hewani, lakini majini hayana nguvu. Sentimita chache tu za maji hutosha kuyadhoofisha. Kwa hiyo wajenzi wa nyambizi hurudi kwenye redio za mtindo wa zamani zenye masafa ya chini, kama megahezi 27, 40 au 75, kwa kufuata sheria ya kila nchi. Masafa hayo hupenya maji ya kutosha kwa mchezo, lakini maji yenyewe sharti yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa wingi, na kwa sababu hiyo huyameza mawimbi karibu mara moja.

Basi yule aliyedhani kwamba mchezo huu ni wa watu wa Mombasa na Zanzibar amekosea. Mtoto wa pwani akiitia nyambizi yake katika Bahari ya Hindi ataipoteza pindi igusapo chini ya uso wa maji, na itambidi atafute bwawa la kuogelea. Mtoto wa Gasabo au wa Bukavu ana ziwa zima la maji baridi. Majeshi nayo yana taabu hiyo hiyo ya chumvi. Ili kuzungumza na nyambizi zao zilizozama hutumia masafa ya chini mno, kati ya kilohezi 3 na 30, kutoka kwenye minara mikubwa ya nchi kavu. Habari inayopita huko huenda polepole sana, na nyambizi husikia tu, kujibu haiwezi.

Mawimbi ya redio, hata hivyo, si mali ya kila mtu kujichukulia. Hapa Rwanda masafa husimamiwa na RURA, na nchi jirani zina mamlaka zao. Anayetaka kununua redio ya kuongozea aulize kwanza ni masafa gani yanayoruhusiwa. Sisi wenye jamaa katika majeshi na polisi tunajua vyema ubaya wa redio ya mchezo kuingilia redio ya kazi.

KUFIKIRI NJIA YA KURUDI

Mjenzi hodari hujulikana kwa matayarisho aliyoyafanya kabla chombo hakijazama. Katika nyambizi zilizojengwa vizuri huwekwa walinzi kadhaa. Mlinzi wa kwanza husikiliza redio: amri zikikatika, tangi humwagwa lenyewe. Wa pili hupima betri: nguvu ikipungua, chombo huibuka kabla haijaisha. Wa tatu ni nyaya mbili zilizolazwa chini ndani ya bomba; tone la maji likiziunganisha, chombo hupanda. Hakuna hata mmoja kati ya walinzi hao anayekisaidia chombo kwenda kasi au kupendeza. Kazi yao ni moja tu, kukirudisha.

Mafunzo haya mabaharia wa kweli waliyanunua kwa bei kubwa. Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilikuwa katika majaribio ya kuzama kina kirefu katika Bahari ya Atlantiki. Haikurudi, na watu wote 129 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi waliona kwamba yamkini kiungo cha bomba kilishindwa, mashine ikazimika, na ile hewa iliyopaswa kuyasukuma maji nje ya matangi ikazuiliwa na barafu iliyoganda katika mirija yake. Yaani njia ya kushuka ilikuwa tayari, na njia ya kupanda haikuwa tayari. Mwaka huo huo jeshi la majini la nchi hiyo lilianzisha utaratibu mkali wa ukaguzi uitwao SUBSAFE, ambao hukagua mambo mawili makuu: kwamba maji hayataingia, na kwamba yakiingia chombo kitaweza kuibuka.

Wala si majeshi peke yao. Mwezi wa Juni 2023 chombo cha watu binafsi kiitwacho Titan, ambacho rubani wake alikiongoza kwa kidude cha michezo ya video, kilisagwa na kani ya maji kikielekea kwenye mabaki ya meli Titanic, na watu watano walikufa. Kidude kile hakikuwa na hatia. Mwili wa chombo ndio ulioshindwa. Lakini wote wanaochezea maji, wakubwa kwa wadogo, walipata fundisho lile lile.

MAJARIBIO MAWILI YA NYUMBANI

Nyambizi kamili ya kuongozwa kwa redio, ikiagizwa ng'ambo, bei yake si ya mtumishi wa kima changu. Lakini siri yake haiuzwi. Mwaka 1954 kampuni ya Kellogg's ya Marekani ilianza kutia nyambizi ndogo za plastiki katika maboksi ya chakula chake cha asubuhi. Kila moja ilitiwa beking pauda, ile poda ya kuumulia keki. Mapovu yake yaliinyanyua nyambizi, na yakishatoka juu ikazama tena. Watoto wengi walijifunza kanuni ya Archimedes kwa njia hiyo bila kujua kwamba wanajifunza. Sisi tutatumia vitu vya bure.

Jaribio la kwanza. Tafuta chupa laini ya plastiki ya lita moja na nusu yenye kifuniko chake, kifuniko cha kalamu, na waya mwembamba. Kama kifuniko cha kalamu kina tundu kichwani, lizibe kwa ubani wa kutafuna. Zungushia waya kwenye mkono wake, kisha kitie katika bilauri ya maji, mdomo ukiwa chini ili hewa ibaki ndani. Punguza au ongeza waya mpaka kielee na ncha yake tu ionekane. Sasa jaza chupa maji hadi mdomoni, kitie kifuniko cha kalamu, na ufunge chupa barabara. Ukiiminya chupa, kifuniko kitazama. Ukiiachia, kitaibuka. Sababu ni kwamba kuminya kunasukuma maji ndani ya kifuniko na kuibana hewa, na uzito ukazidi. Waachie watoto wafanye wenyewe. Hapana shaka mmoja atazidisha waya, na chake kitazama kisiibuke tena. Usimcheke. Mwulize ni kwa nini.

Jaribio la pili. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Toboa matundu mawili ya upana wa kidole kwenye ubavu mmoja. Kwenye ubavu huo huo funga nati kubwa za chuma zenye uzito wa jumla yapata gramu 200, upande mmoja usizidi mwingine. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba wenye urefu wa mita moja, na uzibe pembeni kwa gundi. Mpira uwe mpya wa dukani. Mirija iliyotupwa na hospitali isiguswe kamwe. Ilaze chupa katika pipa au beseni kubwa, matundu yakiwa chini. Maji yataingia kwa matundu, hewa itatoka kwa mpira, na nyambizi itazama. Puliza: maji yatafukuzwa, nayo itapanda. Ukiubana mpira kwa kidole inapopanda, utaona jinsi ilivyo kazi kuituliza katikati. Mtoto wa miaka tisa aliyefanya jaribio hili amekwisha kuelewa tangi la farumi.

YALIYONIPATA MUHAZI

Baada ya majaribio hayo mimi na mwanangu wa miaka kumi na mmoja tulipata tamaa. Tulikuwa na gari la kuchezea lililovunjika, lenye redio ya megahezi 27 iliyokuwa ingali nzima. Kwa wiki sita, jioni baada ya kazi, tulijenga nyambizi ya aina isiyo na tangi kwa kipande cha bomba la plastiki. Tuliijaribu katika pipa la maji ya mvua, nayo iliibuka kila mara. Jumapili moja tukaichukua mpaka ukingoni mwa Ziwa Muhazi.

Iliondoka vizuri, lakini ilikataa kuzama. Pipa halikuwa na nafasi ya mwendo, kwa hiyo hatukujua kwamba ilikuwa nyepesi mno. Niliiita irudi, nikafungua mfuko, nikabandika kipande cha risasi. Sikupima. Nilikikadiria kwa mkono, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na nilitaka mtoto afurahi. Safari ya pili ilizama kwa uzuri ambao sijausahau. Mwanangu alipiga kelele za furaha. Nikazima mota ili iibuke. Haikuibuka. Labda maji yalikuwa yameingia penye mhimili, labda ni ile risasi peke yake. Vyovyote vile, vijiko viwili vilikuwa vimetimia.

Niliinama juu ya kisanduku cha redio nikibonyeza huku na huku. Nilipoinua kichwa mwanangu hakuwa kando yangu. Alikuwa ameingia majini kufuata mahali alipoiona mara ya mwisho, na ukingo ule, uliokuwa na magugu juu, haukuwa na sakafu chini. Nilimwona mikono, kisha sikumwona. Mvuvi mmoja aliyekuwa karibu na mtumbwi wake alimfikia kabla yangu, akamshika shati, akamvuta. Mtoto alikohoa maji, akalia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Papa, nilikuwa nimekaribia kuipata."

Mvuvi yule hakukubali kupokea kitu. Alisema tu kwamba ziwa halijui mchezo. Nyumbani mama watoto alisikiliza kisa chote bila kunigombeza, kisha akauliza: "Je, kamba haikuwepo?" Kamba ilikuwepo. Ilikuwa imening'inia mlangoni, na nguo zikianikwa juu yake. Mita ishirini za kamba nyembamba zingeirudisha nyambizi, na mtoto asingekuwa na sababu ya kuingia majini. Nilikuwa nimefikiri njia ya kurudi ya kila kitu isipokuwa ile iliyo rahisi kuliko zote. Na nilikuwa nimekitazama chombo, sikumtazama mtoto.

MASHARTI YA KAZI HII

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina masharti, nami nayatoa kwa yeyote atakayeyataka.

Kwanza, chombo kipya hakiingii majini bila kufungwa kamba, hata kama kimejengwa na fundi.

Pili, wakubwa wawe wawili: mmoja wa kutazama chombo, mmoja wa kutazama watoto, na huyu wa pili asiguse redio.

Tatu, mtoto aliye ukingoni avae jaketi la kuokolea, na aambiwe mapema kabla ya mchezo kuanza kwamba chombo kikipotea kimepotea. Ahadi hiyo aitamke mwenyewe kwa sauti.

Nne, uzito hupimwa kwa mizani, haukadiriwi kwa mkono. Jua likikimbia, rudini nyumbani.

Tano, betri za lithiamu zikipata maji au zikitobolewa huweza kuwaka moto. Zisichajiwe ndani ya bomba lililofungwa, wala usiku watu wakiwa wamelala.

Sita, viongozi wa mahali na polisi wa majini wajulishwe. Kitu kirefu cheusi kinachoibuka ghafla ziwani chaweza kuwatia watu hofu bure, na askari wa doria hana wajibu wa kukisia kwamba ni mchezo. Kipake rangi ya manjano au nyekundu. Utakiona wewe na watakiona wenzako.

Baadhi ya jamaa wameniuliza kwa nini sikuacha kabisa. Nilitaka kuacha. Ni mwanangu aliyenijia baada ya mwezi mmoja, ameshika daftari. Alikuwa amepiga hesabu ya bomba jipya, amepima ujazo wake kwa maji, na ameandika uzito wa kila kipande hadi gramu ya mwisho. Chini ya ukurasa alikuwa amechora chombo, na kutoka tezi la chombo alichora mstari mrefu unaokwenda mpaka kwenye mkono wa mtu aliyesimama ukingoni. Nilimwuliza ni nini. Akajibu, "Ni kamba, Papa."

Sasa tunajenga ya pili. Jioni nyingine mama watoto huja kutushikia mizani. Jumamosi moja tu ndiyo inayotupita kila mwezi, ile ya umuganda, na hatuna haraka. Ile ya kwanza ingali chini ya Muhazi, nayo iache ilale. Kilichotupasa kuibuka nacho tuliibuka nacho, kwa shati lake, kwa mkono wa mtu tusiyemjua jina.